Machicha ya Soya ya Hisae

Ukija kunyolewa kwangu, kioo kikubwa kitakuonyesha uso wako na, nyuma yako, mlango wa duka la akina Naruse ng'ambo ya barabara, wanaouza tofu, ile jibini laini ya soya. Kwa miaka thelathini na minane nimewatazama wale watu kupitia kioo hicho, kwa hiyo mtu asije akaniambia simjui Hisae. Wateja wangu wakilalamika kwamba naongea kuliko ninavyonyoa, nawaambia watazame kiooni waone mwanamke anayefanya kazi bila kuongea, wajue kwamba mtaa huu una vyote viwili.

Hisae ni mfupi, ana mikono myekundu kwa maji baridi, na akikuuzia tofu anakushukuru kana kwamba umemfanyia hisani. Alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na mitatu, bibi harusi kutoka milimani, akijua ameolewa na Teruo, fundi wa vigae. Hakujua kwamba mama yake Teruo alikuwa na duka la tofu na hakuwa na binti. Siku ya pili ya ndoa aliamshwa kabla ya alfajiri akapewa buti za mpira. Leo ana miaka sitini na tisa, na mimi nimeona duka hilo likichelewa kufunguliwa mara moja tu, siku aliyojifungua Mizuho. Hata siku hiyo lilichelewa nusu saa.

Teruo yeye alikaa kiwandani miaka arobaini, akikwangua kingo za vigae vibichi kabla havijaingia tanuri. Mji wetu ni wa vigae, na wanaume wa rika letu mapafu yao yamejaa vumbi la udongo. Mimi kinyozi nimezoea: mteja akivuta pumzi kwa namna fulani, nainua wembe nisubiri kikohozi kipite. Kwa Teruo nilikuwa nainua wembe kila baada ya dakika mbili.

Mwaka aliostaafu aliokota kitoto cha paka juu ya lundo la vigae vilivyovunjika, cha kijivu kama vigae vyenyewe vilivyofukizwa moshi, akakiita Kawara, yaani kigae. Kwa kuwa hawezi tena kutembea mbali, siku zake zote anakaa dirishani na Kawara. Anamsimulia habari ambazo sisi marafiki zake hatujawahi kuzisikia.

Sasa mwezi wa tano mwaka huu, daktari alitazama picha ya kifua chake akauliza kama nyumbani kuna vumbi. Hisae alisema hakuna, anapiga deki mara mbili kwa siku. Wako njiani kurudi ndipo alipokumbuka beseni la paka, lile anamojisaidia. Ndani yake ulikuwa mchanga wa udongo, wa kununua kwa mfuko, na kila akiumimina wingu linapanda, na kila Kawara akifukua wingu linapanda tena, na Teruo ameketi hatua tatu kutoka hapo. Alipompigia daktari simu, jibu lilikuwa fupi: ama vumbi liondoke, ama paka. Mizuho, binti yao anayeishi Nagoya, alisema atakuja siku za Bon, wafu wetu wanaporudi nyumbani kututembelea, aje na kizimba amchukue paka.

Teruo alisema tu, "Mchukueni." Kwa siku tatu akala nusu bakuli.

Siku ya nne Hisae akavuka barabara kuja kwangu, jambo ambalo halifanyi ila ana neno.

"Udongo umemla mume wangu miaka arobaini," akaniambia, "na mimi nimekuwa nikimletea mwingine nyumbani, na nimeulipia."

Nilitaka kumwambia kwamba si kosa lake. Nikamwambia anunue mchanga wa karatasi, kwa sababu mimi ni mtu wa kutoa ushauri.

Karatasi ilinata kwenye nyayo za Kawara, akaitembeza mpaka dukani, na kipande kimoja kikaonekana kikielea kwenye beseni la tofu mbele ya mteja. Nikashauri punje za mbao. Zile zilinukia sana, Teruo akapiga chafya mchana kutwa, na Kawara alizinusa, akageuka, akaenda kukojolea mto wa kukalia wa Mama Shige.

Mama Shige ndiye mama yake Teruo, mwenye duka. Ana miaka tisini na mitatu, fimbo moja, na masikio yanayosikia yasiyomhusu. Baada ya habari ya mto, na mimi nikapigwa marufuku kushauri.

Basi Hisae akayatazama machicha. Soya ikishasagwa na kukamuliwa, tui linakuwa tofu na machicha yanabaki, mapipa mawili kila siku. Zamani majirani walikuja na mabakuli, wakayapika na karoti. Siku hizi wanaokuja ni wanne, na mimi mmoja wao. Mengine yalikuwa yanachukuliwa na mfuga nguruwe saa tisa alasiri, na mfuga nguruwe amezeeka, ameuza nguruwe. Hisae alikuwa ameona kwa macho yake kwamba machicha yaliyokaukia sakafuni yanakunywa maji yaliyomwagika mpaka tone la mwisho. Na hayatoi vumbi la udongo.

Alimwomba ruhusa Mama Shige kwa adabu zote, amepiga magoti, baada ya chai. Dirisha lilikuwa wazi, nami nilikuwa nafagia nywele polepole.

"Chakula?" Mama Shige akauliza.

"Mabaki, Mama. Yale yanayobaki watu wote wakishachukua."

"Vita vilinikuta nina miaka kumi na mitatu. Mabaki hayo tulikula asubuhi, tukala jioni, mdogo wangu akalamba beseni. Leo unataka paka anyee humo?"

Hisae aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Nisamehe, Mama. Nitafanya."

Ufagio ulinidondoka. Miaka thelathini na minane sijamsikia akimwambia yule bibi kitu zaidi ya ndiyo. Hakupaza sauti, hakulia, wala hakumtaja Teruo kama ngao. Alisema atafanya, akanyanyuka, akaenda kuosha vikombe.

Mama Shige akamnunia siku kumi na moja. Kila adhuhuri alikaa mlangoni mwa duka, tumuone sote, akila bakuli la machicha polepole. Na nani alimpikia? Hisae. Alimtilia uyoga na mafuta ya ufuta kama anavyopenda, akamwekea na kitambaa magotini. Mimi ningempa baridi, bila chumvi. Ndiyo maana mimi ni mimi na yeye ni yeye.

Wakati huo mvua za masika zilikuwa zimeshika. Hisae alipitisha machicha kwenye mashine ya mkono ya kusagia nyama, yakatoka nyuzi, akazikata punje ndogo. Zilimeguka. Alihitaji kitu cha kuzishika. Sasa mtu aliyetengeneza tofu maisha yake yote, akitaka kitu kishikane, mkono wake unakwenda wapi? Kwenye nigari, ile chumvi chungu inayogandisha tui. Akatia nigari, akakausha punje juu ya jiko la kuchemshia soya. Jioni zilikuwa ngumu kama changarawe. Asubuhi zikawa zimelowa.

Akarudia. Zikalowa. Akaongeza nigari maradufu, na Alhamisi punje zilikuwa zinaogelea. Nilimwambia ni mvua hiyo, na yeye akanishukuru, masikini.

Mama Shige alikuwa anapita na fimbo yake kwenda chooni. Alisimama mbele ya sinia, akachovya kidole, akalamba. Kisha alianza kucheka, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Umetia nigari."

"Ndiyo, Mama."

"Gunia la nigari liko pale pembeni. Miaka arobaini na sita unaliona linatoka jasho kila masika. Hujajiuliza linakunywa maji ya wapi? Linayavuta hewani, we mtoto."

Hisae aliliangalia gunia. Lilikuwa linatoka jasho.

"Ugonjwa wako nimeujua," Mama Shige akaendelea. "Umekuwa mtu wa tofu mpaka kwenye mifupa. Kila kitu unataka kigande kiwe tofu. Tia uji wa wanga wa viazi, kidogo tu, halafu ngoja jua." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Na sijasema nimekubali."

Niliona kwenye kioo Hisae akimwinamia yule bibi mgongoni, na alipoinuka alikuwa anatabasamu. Nilimpenda sana siku ile, nasema wazi, na mke wangu anajua.

Jua lilitoka mwishoni mwa mwezi wa saba. Nyuma ya duka kuna banda, na paa lake Teruo aliliezeka mwenyewe mwaka waliooana, kwa vigae alivyovikwangua kwa mkono wake. Saa nne asubuhi vigae hivyo vinaunguza kiganja. Hisae alipanda ngazi kila siku, umri huo, na sinia kichwani, akatandaza punje juu ya kitambaa. Teruo alishika ngazi. Ndiyo kazi pekee kifua chake kilichoiweza, na alishika kwa mikono miwili, macho juu. Shomoro walipoanza kuiba punje, Kawara alipelekwa juu akawe mlinzi, akalala.

Ikabaki kumzoeza huyo mlinzi. Hisae alihamishia beseni bandani, mbali na Teruo, akajifunga taulo mdomoni, na kila siku akapunguza konzi moja ya udongo akaongeza konzi moja ya punje. Siku ya kwanza Kawara alikula mbili. Siku ya pili alizirusha nje. Lakini aliendelea kuingia, na udongo ukaendelea kupungua, mpaka siku ya kwanza ya Bon Hisae akaosha beseni kwa maji ya moto, akalijaza punje tupu na kulirudisha ndani ya nyumba, pale pale dirishani.

Kawara alichungulia, akaondoka. Jioni hakuingia. Asubuhi hakuingia. Saa tano gari la Mizuho likasimama, naye akashuka na matunda ya madhabahu mkono mmoja na kizimba mkono wa pili.

Nilikuwa nimefunga duka langu la kunyolea kwa ajili ya Bon, nikaenda kuwasha ubani kwa marehemu baba yake Teruo. Huo ndio ukweli, ingawa ningekwenda hata bila ubani. Tuliketi sote chumbani: Mizuho, Mama Shige kwenye mto wake mpya, Teruo dirishani, Hisae karibu na mlango na aproni yake. Kizimba kilikuwa wazi kwenye mkeka. Mizuho si mkatili. Aliongea kwa upole sana.

"Baba, nitakutumia picha zake kila siku."

"Sawa," Teruo akasema.

"Mama, umejitahidi. Lakini kama hatumii hicho kitu, mtarudia udongo tu. Na mimi baba ninaye mmoja."

 Hisae alikuwa anaipinda ncha ya aproni, anaikunjua, anaipinda. Sijawahi kuiona mikono yake ikifanya jambo lisilo na maana.

Teruo alimnyanyua Kawara kutoka mapajani, akamwinamia, akamnong'oneza kitu. Akamweka chini, upande wa kizimba.

Paka alinyoosha mgongo. Alikinusa kizimba. Akakizunguka, akalifikia beseni, akaweka mguu mmoja ndani, akautoa, akautikisa. Hakuna aliyepumua, na katika nyumba ile kutopumua si mchezo. Kisha akaingia na miguu yote minne, akafukua sana, akageuka, akachuchumaa akitutazama mmoja mmoja usoni bila haya yoyote. Alipomaliza akafukia, kwa fujo, punje zikaruka mpaka kwenye ubani.

Wingu halikupanda.

Hisae alinyanyuka akachukue koleo dogo la kusafishia, lakini Teruo alimwonyesha kiganja, asubiri. Alishuka kwenye kiti taratibu, akapiga magoti mbele ya beseni. Tangu paka aingie nyumba ile hajawahi kulikaribia. Akainama uso ukawa juu yake kabisa, akavuta pumzi, na mkono wangu, Mungu anisamehe, ukainuka wenyewe kama umeshika wembe.

Akatoa pumzi. Akavuta nyingine. Akachukua koleo, akachota kile kidonge kilichoshikana, akakigeuza huku na huku kwa jicho la fundi wa vigae.

"Kimeshika," akasema. "Hakina ufa."

Mizuho alikifunga kizimba, akakisukuma nyuma ya mlango. Hisae alikuwa amejifunika uso kwa aproni. Sitawadanganya kwamba mapafu ya Teruo yalipona, maana mapafu ya udongo hayaponi. Lakini siku ile alibaki amepiga magoti pale muda mrefu kuliko haja, akipumua.

Mama Shige alimtazama mwanawe mpaka alipotosheka. Kisha akagonga fimbo kwenye mkeka.

"Hisae."

"Ndiyo, Mama."

"Kesho loweka soya kibaba kimoja zaidi, fungu la paka."