Kuku aliyeacha kutaga akaatamia hurudi lini? Jibu la nyanya yangu, kutoka laini za majani chai Kericho

Wakuu, salamu kwenu mnaofuga, na hata nyinyi mnaokula tu.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza humu kuku wake atarudi lini kutaga baada ya kuatamia, akapewa majibu kama soko la mitumba. Mmoja wenu alimwambia amchinje tu. Wewe nimekuweka akilini.

Jibu ninalo, ila si langu. Ni la nyanya yangu, tuliyemwita Dani, na mambo haya yalimkuta miaka ya thelathini. Chumvi sijaongeza. Kama ipo, ni yake.

Dani alizaliwa Seme, kando ya ziwa. Alipoolewa, babu alikuwa tayari anachuma majani chai kwenye shamba la wazungu huko Kericho. Dani akamfuata na mzigo wa nguo na kuku mmoja mwekundu aliyepewa na mama yake siku ya kuondoka.

Babu alimwita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, na laini nzima ikafuata. (Laini ni zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari.)

Kuku alitaga vizuri. Dani mwenyewe hakula yai wala kuku, maana kwao enzi hizo mwanamke hakugusa vitu hivyo. Akina mama mnaosoma hapa huku mnatafuna paja, poleni kwa niaba yake.

Mayai aliyabadilisha kwa chumvi, sabuni na maziwa. Maziwa yaliletwa kila asubuhi na Bot Chepkemoi, mama wa Kikipsigis aliyeishi ng'ambo ya mto.

Kisha habari zikafika kwamba mama yake Dani amefariki. Zilifika wakati ameshazikwa. Kitu pekee cha mama yake alichobaki nacho kwenye baridi ile ya Kericho kilikuwa huyo kuku.

Wiki chache baadaye kuku akagoma kutaga.

Akakaa kwenye kiota kitupu, amejitutumua, ukipeleka mkono anakudonoa. Alikuwa anaatamia hewa.

Babu akamwangalia akasema, "Huyu amemaliza. Kaka yangu anakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi, na nimeshawaambia watu kazini kwamba atakula kuku."

Wakuu, mnajua mwanaume akishasema kitu kazini.

Dani akaomba muda. Babu akakubali, kwa sharti. "Akitaga kabla kaka hajafika, ataishi. Asipotaga, sufuria."

Hapo Dani akafanya kosa ambalo ni mtu wa ziwani tu angelifanya.

Kwao Seme, jua linakopiga kweli, kuku akilalia bila mayai unamchovya tumbo kwenye maji. Anapoa, anasahau, maisha yanaendelea. Basi akamchovya kwenye maji ya Kericho, asubuhi. Aliyewahi kunawa uso kule hahitaji maelezo.

Kuku alitetemeka mpaka Dani akaogopa amemuua. Akaingiwa na huruma, akamfunga kwenye koti kuukuu la babu, akamweka kwenye kona ya jikoni, gizani, karibu na moto.

Wafugaji nawasikia mkicheka. Giza na joto ndivyo vitu kuku anavyovitaka akitaka kuatamia! Asubuhi anachovywa, mchana anabembelezwa, na mchezo huo ulikwenda wiki nzima. Babu akawa anaenda kuchuma kwenye mvua bila koti, na kuku amelivaa.

Siku moja Bot Chepkemoi akaleta maziwa, akachungulia jikoni.

"Nyar Seme, wewe nafanya nini na hii kuku?"

"Namponya. Asipotaga atachinjwa."

Sasa Wakipsigis wa wakati huo walikuwa watu wa ng'ombe. Kuku kwao alikuwa ndege tu aliyekosa bidii ya kuruka. Lakini mama yule alijua kitu kimoja.

"Ng'ombe ikikauka, nyinyi nachinja? Hii imekauka tu, itarudi. Lakini toa kwa moto! Hata mimi ukiniweka hapo na koti, siwezi kuamka."

Akachukua kikapu cha zamani cha babu cha kuchumia majani chai, kile kilichooza chini, akapitisha vijiti kwenye tundu. Kuku akatiwa ndani, kikapu kikatundikwa upenuni penye mwanga, upepo unapita tumboni kutoka chini. Maji na nafaka alipewa, ila kiota hapana.

Siku nne. Alipotolewa, alipita mbele ya kiota chake cha zamani bila hata kukitazama, akaenda kuchakura.

Dani akafurahi, akangoja yai. Hakuna.

Kila asubuhi Bot Chepkemoi aliuliza, "Bado?" Dani akajibu, "Bado." Yule mama akamimina maziwa vilevile, ingawa mayai ya kumpa hayakuwepo, akasema, "Ngoja," akaenda zake.

Na kila asubuhi Dani alikaa nje na kuku akimwongelesha habari za mama yake. Babu alikuwa ndani anakunywa uji, na ukuta ulikuwa wa udongo tu. Alisikia kila neno.

Jumapili ikafika, siku ya kumi tangu kuku atoke kikapuni. Shemeji akaja kwa miguu na furushi la samaki wakavu kutoka ziwani. Babu akamkaribisha, akachukua kisu, akazunguka nyuma ya nyumba.

Dani akabaki jikoni analia, akisingizia moshi.

Mara babu akapiga kelele. "Nyar Seme! Njoo uone! Ametaga!"

Akaja mbio ameshika yai juu, akamwonyesha kaka yake. "Ndugu yangu, wewe ungechinja kuku anayetaga?"

Shemeji akasema hapana, hata yeye asingeweza. Basi mgeni akapikiwa samaki wakavu aliokuja nao mwenyewe.

Dani akapokea yai.

Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Lilikuwa kubwa. Na lilikuwa jeupe pe, wakati kuku wake tangu Seme alitaga mayai madogo ya kahawia. Kuku weupe wa mayai kama hayo walikuwa kwa mzungu tu, bwana mkubwa wa shamba, nyuma ya waya, na mpishi wa pale alikuwa rafiki wa babu.

Dani akasema, "Asante, Mungu ni mwema," akaliweka.

Kuku mwenyewe alitaga siku nane baadaye. Dogo, la kahawia, la moto. Dani alilipeleka kwa Bot Chepkemoi akiwa amelishika kwa mikono miwili.

Kwa hiyo muuliza swali, jibu lako hilo. Tangu kuku aache kuatamia mpaka yai la kwanza, siku kumi na nane. Wangu mimi hurudi baada ya wiki moja hadi tatu hivi, kulingana na kuku na chakula. Ukimwacha aangue na kulea vifaranga, subiri miezi. Mwanga, hewa, chakula kizuri, na usimvike koti.

Babu aliisimulia habari ya yai lile maisha yake yote, jinsi alivyokuta kuku ametaga, kisu kikiwa mkononi. Dani alikaa pembeni akiitikia, "Kweli kabisa, mzee."

Baada ya kumzika babu ndipo aliponieleza rangi ya lile yai. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kumwambia babu kwamba alijua.

Akaniangalia kama anayemwangalia mtu asiyejua kuku wala ndoa.

"Mtu amekwenda mpaka kwa mzungu kuniibia yai ili kuku wa mama yangu aishi. Nimwambie amekosea rangi?"

Mimi nilichojifunza ni kutomharakisha kuku, na kutoyachunguza sana mayai ninayoletewa nyumbani.

Sasa semeni nanyi. Wa kwenu alirudi baada ya siku ngapi? Na yule wa "mchinje tu", njoo hapa mbele tukuone.