Buluu ya Dada Lamduan

Dada Lamduan alifanya kazi katika maabara ya hospitali yetu ya wilaya, huku Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, miaka thelathini na mmoja, na sikumbuki daktari aliyewahi kumziba mdomo. Wengi walijaribu.

Kipimo alichokipenda kilikuwa kimoja. Chembe nyeupe za damu zikimeza kijidudu hutengeneza oksijeni kali ya kukiua. Ukizitilia dawa ya njano, zenye uwezo huo hugeuka buluu. Zisizoweza hubaki vilevile. Kila mara ilitakiwa damu ya mtu mwenye afya ya kulinganishia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, lakini Lamduan alianza na kidole chake mwenyewe.

Msimu wa kupandikiza mpunga, mama mkulima, Bunsi, alimleta mwanawe Kop, wa miaka minne, jipu shingoni, la sita mwaka ule. Daktari Thawat akamsema mbele ya wodi nzima.

"Mtoto haogi huyu. Unamwacha agaegae matopeni. Safari hii nimeandika barua, watu wa ustawi waje wamchukue."

Lamduan alikuwa mlangoni na trei yake.

"Daktari, sote tumekulia matopeni. Mbona wewe huna jipu?"

"Lamduan, rudi kwenye darubini yako."

"Narudi. Na damu ya huyu mtoto naondoka nayo. Ya mama yake pia."

Alasiri Lamduan akatuita kwenye darubini: Bunsi, Thawat na sisi wauguzi. Damu yake mwenyewe ilikuwa buluu tupu. Ya Kop, hata chembe moja haikugeuka. Ya Bunsi, nusu buluu, nusu hapana: ugonjwa huu wa chembe zisizoua vijidudu, mtoto wa kiume huurithi kwa mama. Nikaumia, maana nilijua Thawat atasema nini.

"Kumbe kosa ni la mama vilevile," akasema.

Bunsi, ambaye kila siku alimjibu daktari kwa kukutanisha viganja na kuinama, hakuinama. Akaweka jicho kwenye darubini, akakaa hapo.

"Hizi za buluu ndizo zinazopigana, dada?"

"Ndizo."

"Basi nusu hii imenitosha miaka ishirini na sita shambani." Akamgeukia Thawat. "Ugonjwa nimempa mimi, sikatai. Uchafu sikumpa. Mwandikie dawa, na hiyo barua ichane hapa nikiona."

Thawat alitutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyemwokoa. Akaitoa mfukoni, akaichana.

Lamduan akamsogezea pipa la taka kwa mguu.