Kipofu wa Wageni

Mwalimu wetu wa muziki alikuwa na kioo kirefu, cha kabati lililovunjika, alichokiegemeza kwenye ukuta nyuma ya kanisa. Ukitaka upinde wa violoni upite sawasawa juu ya nyuzi, alisema, jitazame. Wenzangu watatu walijitazama, wakajirekebisha. Mimi nilisimama hapo nikaona mwanga, na ndani yake doa lenye rangi ya gauni langu. Upinde sikuuona. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na tangu utotoni macho yangu yaliishia urefu wa mkono. Zaidi ya hapo, mlima na ziwa vilikuwa rangi mbili tu.

"Weye, arshe iko inakimbia!" Arshe ndilo jina la Kifaransa aliloupa upinde. "Angalia mu kioo!"

"Mwalimu, siko naona."

"Hauko naona ao hauko nataka?"

Akanigonga kiwiko kwa penseli. Ilikuwa hivyo majuma mengi. Nilivuta upinde, ukaserereka kuelekea vidole vyangu, sauti ikawa hewa tupu. Nikausukuma, ukapanda upande wa pili, ukalia kama bawaba ya mlango. Violoni zilikuwa nne, zimeachwa na padri mmoja aliyerudi kwao. Siku moja mwalimu akaichukua yangu mkononi mwangu, akampa binti mwingine, bila neno. Mimi akaniachia upinde mbovu, uliokatika nusu ya nywele zake. Sijui kwa nini niliupeleka nyumbani.

Dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya kama tunavyoita wakubwa wetu kwetu Uvira, alikuwa mshonaji. Alinikuta nimekaa na ule upinde, nalia, akauliza shida iko wapi. Nikamweleza.

"Unafikiri minye naona sindano?" akasema. "Naongea na bakiliya banaoleta vitambaa, nakemea batoto, na nguo inapita sawa. Ni mikono inasikia."

Akachukua bomba la karatasi ngumu, lile linalobaki katikati kitambaa kikishaisha, akakata kipande, akanishikia juu ya bega la kushoto. Nikapitisha upinde ndani yake. Ukikwaruza upande wowote, umepinda. Ulikwaruza mwezi mzima. Kila jioni yaya aliacha cherehani, akasimama nyuma yangu na mkono umeinuliwa hadi ukamfa ganzi, huku akiniambia, "Tena." Hatimaye nilielewa kwamba bega halina kazi hapo; ni kiwiko kinachofunguka, na mwishoni kiganja kinakwenda mbele kidogo, kama unamsukumia mtu sahani. Ikaja siku upinde ukaenda na kurudi mara ishirini bila kugusa karatasi. Yaya alikaa chini akajikanda bega.

Nilirudi kwa mwalimu nikaomba violoni dakika moja tu. Alisikiliza. Kisha akawaambia wenzangu:

"Munaona? Alikuwa muvivu tu."

Akanirudishia violoni. Nilimshukuru. Neno hilo, asante, bado linaniwasha.

Mwaka uliofuata wageni kutoka ng'ambo walikuja kuona kazi za parokia. Siku ya kuamkia ujio wao mwalimu aliniita pembeni.

"Kesho weye ndiye utapiga mbele ya wote. Usishuke ngazi peke yako. Utashikwa mukono. Na utavaa hii." Akaniwekea mkononi miwani nyeusi.

"Mwalimu, ngazi nazijua. Niko naona kidogo."

"Kidogo hakuna mutu atakilia."

Nikavaa. Hakuna aliyenifunga kamba. Nilitaka kupiga mbele, na njia ilikuwa hiyo. Nilipiga vizuri kuliko siku zote. Mama mmoja mgeni akalia, akanishika mashavu, akauliza kupitia mkalimani binti huyu anahitaji nini. Nilikuwa na jibu moja maishani mwangu: nahitaji kupimwa macho. Nilifungua mdomo. Mwalimu akajibu kabla yangu.

"Anaomba nyuzi. Na kinanda cha kwaya."

Yaya alikuwa benchi la tatu. Tukirudi nyumbani aliniacha nitembee mbele, kisha akasema nyuma yangu, "Mama alizaa kipofu siku gani?" Hakuja tena kunisikiliza.

Kinanda kilifika. Wageni wengine walikuja, nikashikwa mkono mara tatu zaidi. Kisha majirani walioniona nikikua, nikichota maji na kuvuka barabara mwenyewe, wakaanza kunisalimu kwa sauti kubwa, kana kwamba na masikio yamekufa. Asubuhi moja mwanamke muuza ndagala alirudisha kapuni samaki niliokuwa nimechagua, akasema atanichagulia yeye. Siku hiyo nilirudisha violoni.

"Bila minye ungekuwa nani?" mwalimu aliuliza.

Miwani ya kweli niliipata nikiwa na miaka ishirini na sita, Bujumbura, baada ya yaya kuniburuta hadi kwa daktari. Ilichukua nusu saa tu. Nilitoka nje nikaona majani ya mti mmoja mmoja, na badala ya kufurahi nilikasirika. Violoni sikushika tena. Nashona.

Mwaka jana, kwenye arusi ya binti wa yaya, mwalimu alikuwa mmoja wa waalikwa. Amezeeka. Nilimsikia mezani akiwaambia watu jinsi alivyomfundisha kipofu kunyoosha upinde kwa uvumilivu wake, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Hakunitambua, au alinitambua na haikumsumbua.

"Mbona hausemi kitu?" yaya akaninong'oneza.

Nilikuwa mpakuaji wa chakula. Zamu ya mwalimu ilipofika nilimpakulia wali, nikamwekea na samaki mkubwa, mukeke, akasema asante bila kuinua macho.