Chandarua cha Kanga

Mwanangu, watu wa Temeke walisema sitaweza. Walisema mtoto wa muuza mihogo hawezi kwenda Uganda akarudi na stashahada. Nikarudi nayo, tena ya mambo ya afya, na tai shingoni. Wakahamia kwenye jingine: sitaweza kuwafanya watu wa mtaa ule walale ndani ya chandarua. Hapo walikaribia kupatia, ndiyo maana nakusimulia.

Enzi hizo za Mwingereza, vyandarua vya dukani vilishonwa kwa ajili ya kitanda chenye godoro. Unachomeka pindo chini ya godoro, umemaliza. Sisi tulilala mkekani. Mama akigeuka kumnyonyesha mtoto, pindo linafunuka. Mkono ukiegemea shashi, kile kitambaa chepesi chenye vitundu, mbu anauma akiwa nje. Hayo niliyaona mwenyewe, hakuna aliyenifundisha.

Dada yangu Mwajuma alikuwa amezika watoto wawili kwa homa. Alipojifungua wa tatu, mvua za masika zilikuwa karibu, nami nikaapa kwamba huyu hatakwenda. Kitambaa nilikikopa kwa Mwarabu mwenye duka. Cherehani nikaazima kwa Mzee Shomari, fundi wa nguo, naye akanicheka mbele ya wateja wake.

"Mwoneni msomi wetu! Kaenda mpaka Uganda kujifunza kushona wavu wa dagaa!"

Nilishona hivyo hivyo. Juu niliweka kitambaa kizito cha marekani, ubavuni shashi ya kupitisha hewa, chini pindo la marekani la kuingia chini ya mkeka. Cheupe tupu, kama vile vya bweni letu la chuoni. Nikakitundika, nikakitazama, nikajiona mkubwa.

Kesho yake akaja shangazi yetu, Bi Kidawa, aliyetulea tangu wadogo. Akasita mlangoni mwa chumba.

"Nani kafa humu?"

"Shikamoo, shangazi. Hajafa mtu. Ni chandarua cha mtoto."

"Chandarua! Kwani wewe hujaona maiti akioshwa, anavyozungushiwa shuka? Mwajuma, mtoe mwanao humo."

Nikaanza kumweleza habari za mbu. Akanikatiza.

"Mbu umewasoma, sikatai. Lakini mama aliyezika wawili unamlaza ndani ya sanda, halafu unataka alale?"

Nikamgeukia dada. Alikwisha kumtoa mtoto, kamkumbatia kando ya ukuta. Ndipo akakiri kwamba usiku kucha alikuwa amekaa nje ya chandarua changu na mtoto mapajani, mbu wakiwauma wote wawili, akamlaza humo asubuhi tu, na hakuthubutu kuniambia kwa kuwa mimi ndiye msomi.

Mwingine angebisha. Mimi nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua pa kunyamaza. Nikauliza, "Shangazi, ingekuwa wewe, ungelala ndani ya nini?"

"Mtoto huyu alipozaliwa alipokelewa kwa kanga," alisema. Akaenda kwake, akarudi na doti yake nyekundu, mpya. "Nakuazima. Usidhani nimekupa."

Kanga moja nikaitandaza juu mahali pa marekani. Ya pili nikaikata, nikaikunja iwe nzito, nikaizungusha chini na kuipandisha mpaka pale mkono wa aliyelala unapofika. Pindo likatulia sakafuni bila godoro, na mbu akakosa pa kupenyeza mdomo. Usiku ule Mwajuma aliingia mwenyewe na mwanawe, akalala mpaka jua likachomoza.

Masika yakapita. Mtoto akaanza kutambaa, akawa anavuta maua ya ile kanga. Majirani wakaja na kanga zao, nikawashonea. Mwarabu nikamlipa, Mzee Shomari nikampelekea chandarua chake, akakipokea bila kutaja dagaa. Wa mwisho wa kulipwa alikuwa shangazi. Nikamnunulia doti nyingine nyekundu.

Akaigeuza geuza mikononi, akanirudishia.

"Ishone kama ile. Nami nataka kulala."

Siku hiyo ndipo nilipomaliza madeni yangu yote.

Basi mwanangu, soma, uwapite wote kama nilivyowapita mimi. Lakini ukitaka kumtengenezea mtu kitu cha kumlinda, muulize kwanza anaogopa nini, na usimwache aone haya kukujibu. Mola akupe nyumba ambayo watoto hulala na kuamka.