Ng'ombe wa Unguja

Jumamosi tulisoma hitima ya babu yangu, Saleh bin Mgeni, na kila aliyesimama alitukumbusha kwamba marehemu alizaliwa Unguja. Shehe alisema. Mpishi alisema. Hata wale waliofuata pilau walisema, midomo imejaa. Nikaitikia amina. Mwenyezi Mungu amrehemu babu. Yeye anajua alizaliwa wapi.

Alizaliwa Kiruruma, hapa hapa Karagwe, nyuma ya migomba. Baba yake alikuwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyesilimu njiani. Lakini mwaka 1909, kijana anayeuza chumvi na kaniki hakukubali kuitwa mtu wa Kiruruma wakati Unguja ilikuwepo na haikuwa na mwenyewe wa kumkatalia.

Tatizo lilikuwa Zuleha. Babu alimpenda, naye alikuwa binti wa Bi Mwanahalima wa Kanoni, mjane aliyezaliwa Unguja kweli na aliyehakikisha hakuna anayesahau.

"Mwanangu haolewi na mtu asiyekijua kisiwa changu," alimwambia babu.

"Mama, mimi nimekulia kwenye karafuu."

"Vizuri. Basi nenda ukawasalimie ndugu zako, uniletee picha ya kisiwa. Nikiiona, Zuleha wako."

Mwenye akili angeungama. Babu alifunga mzigo, akaombewa dua ya safari, akafika Bukoba, akaishia hapo. Miezi mitano alikaa kwa rafiki yake akinenepa kwa ndizi. Kisha akampata Mgoa mmoja mpiga picha, wakaenda pamoja hadi ziwa la Burigi, mahali penye kisiwa kidogo cha matete.

Minazi haikuwepo. Babu akachimbia nguzo ndefu ufukweni, akafunga majani ya mgomba kileleni, akaning'iniza vibuyu vitatu viwe nazi. Akavaa kanzu na kilemba, akasimama chini ya nazi zake.

"Usitikisike," Mgoa alisema.

Babu alitikisika. Kamera za siku hizo hazikuwa na haraka, na nzi wa Burigi hawakuwa na adabu. Pichani ametoka kama moshi wenye kilemba. Aliyetulia ni ng'ombe aliyekuja kunywa maji upande wa kushoto, pembe zake ndefu kama mikono ya mtu anayeomba dua. Yeye ametoka vizuri mno, hadi kope.

Mimi nilifika sekondari, na huko mwalimu alitufundisha kwamba picha haisemi uongo. Mwalimu yule hakumjua babu.

Babu alirudi Kanoni akiwa amejipaka marashi.

"Shikamoo, mama. Unguja wanakusalimu."

Bi Mwanahalima aliipokea picha kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu. Zuleha alichungulia nyuma ya pazia.

"Huyu ni nani?"

"Ng'ombe, mama. Siku hizi Unguja wanafuga."

"Wanafuga Bihogo wa jirani yangu Rugaba, anayechungwa Burigi kiangazi? Pembe ya kulia imevunjika ncha. Jana tu amekula mahindi yangu. Alirudi na meli gani?"

Bi Mwanahalima akamwita Zuleha alete msahafu.

"Weka mkono hapa, mwanangu. Sema umezaliwa wapi."

Kuhusu nguzo, vibuyu na miezi mitano ya uongo, babu hakuona shida. Lakini kuweka mkono pale kisha adanganye, hakuweza. Jasho lilimtoka mpaka marashi yakaisha.

"Kiruruma, mama. Nisamehe."

"Nilijua tangu zamani. Mtu wa Unguja hali panzi wa senene kwa konzi." Akakifunga kitabu. "Ungeapa, ningekufukuza na ng'ombe wako. Unamwogopa Mungu, mengine Zuleha atayanyoosha. Ila ukimwambia mtu kwamba nimemwoza binti yangu kwa mtu wa Kiruruma, talaka nitaiandika mimi."

Akaagiza fremu kwa seremala, upande wa kushoto mbao pana kuliko kwingine. Akaitundika sebuleni, akawaonyesha wageni kisiwa chake hadi alipofariki.

Baada ya hitima niliishusha ukutani kwa babu, aliyeirithi, nikaing'oa ile mbao. Bihogo yupo, ananitazama. Babu kando yake bado ni moshi, na ndiyo picha yake pekee tuliyo nayo. Nililia kidogo. Kisha shehe akaingia kuuliza hapo ni Unguja sehemu gani, nikairudisha mbao haraka.

"Kusini, shehe," nikasema. Nashukuru hakuwa na msahafu mkononi.