Hodi ya Dada Yangu

"Sasa huyo baba yenu anawafungia wezi nje, ama anawafungia nyinyi ndani?"

Jirani yetu wa Makindye, mama wa Kikenya aliyeuza nyanya na vitunguu katika soko la Nakasero, aliniuliza hivyo huku akicheka. Nilikuwa darasa la nne. Vita vilikuwa vimekwisha, redio ilisema hivyo, lakini kwetu mlango uliendelea kutiwa komeo kila siku baada ya swala ya alasiri, kana kwamba habari hiyo haijatufikia.

Sheria za Baba zilikuwa fupi. Hodi ikipigwa, hakuna wa kuitika ila yeye. Hakuna kucheka kwa sauti upande wa barabarani. Hakuna kutaja babu alikuwa nani. Huyo babu alikuja kutoka Sudan na jeshi la Waingereza, na watu kama sisi walitukanwa njiani kila serikali ilipoanguka. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwa nini woga wake uwe amri juu ya binti zake, na nilimuuliza.

"Wewe ukiambiwa mvua inanyesha, utatoka kuyauliza mawingu," alinijibu, yakaishia hapo.

Kwa jirani, watoto walikula wakisikia njaa na kulala wakichoka. Niliiona nyumba ile kama peponi, mpaka kifungua mimba wake alipoacha shule na kupotelea mjini, na yule mama akaja kukaa barazani kwetu, macho yamemvimba.

"Dada, nyinyi mnawashikaje hawa?" alimuuliza Mama.

Mama aliendelea kusuka kawa lake. Nadhani hakuwa na hakika kama tumeshikwa au tumebanwa tu.

Aliyechoka kwanza ni dada yangu mkubwa. Alipomaliza shule alipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Nakasero, kazi ya zamu, na zamu haijui alasiri. Jioni moja Baba alimfungulia mlango, akabaki amesimama katikati yake.

"Nyumba hii ina saa yake. Ukitaka saa nyingine, tafuta nyumba yako."

"Nimesikia, Baba," dada alisema. Asubuhi alichukua begi akaenda kupanga chumba Mbuya.

Miezi ikapita bila yeye kukanyaga kwetu. Kisha jirani akaleta salamu: dada amepata kazi Nairobi, Ijumaa atapita kumuaga Baba, na akikubaliwa angependa kulala nyumbani kabla ya safari. "Mwambieni mzee alegeze roho kidogo," alimwambia Mama, kwa sauti ya kutosha kumfikia Baba chumbani.

Ijumaa hiyo, alasiri ikiwa imeshapita, tulikuwa sebuleni. Hatua zake tulizitambua kwenye changarawe.

"Hodi."

Mama akamtazama Baba. Baba aliutazama mlango, tasbihi imetulia mkononi.

"Hodi hapa."

Nilifungua mdomo. Baba akainua kidole, nikaufunga. Mara ya tatu sauti ya dada ilikuwa ya mgeni kabisa, ya adabu, kama ya mtu anayeuliza njia. Tulifundishwa hivyo sote tangu utotoni: hodi tatu, usipoitikiwa unaondoka, wala hugusi mlango wa mtu. Dada alikuwa mtiifu kuliko mimi. Aliondoka.

Alifariki Nairobi kwa homa, kabla ya mwaka kwisha. Habari ilitufikia akiwa ameshazikwa. Baba hakulia mbele yetu. Mimi niliingia chuo kikuu na hasira yangu, nikaandika insha ndefu kuhusu malezi ya amri, na kila ukurasa ulikuwa mashtaka dhidi yake, ingawa hakutajwa popote. Sikumsomea hata mstari mmoja. Alikufa tukiwa tunasalimiana tu.

Ilikuwa baada ya arobaini yake, Mama akikunja kanzu za kugawa, ndipo aliponiambia. Ijumaa ile mlango haukuwa na komeo. Baba alilitoa mwenyewe aliporudi msikitini, akaurudishia mlango tu, akamkataza Mama asiitike, kwa sababu mtoto hapigi hodi kwao. Alikuwa akimngoja ausukume.