Jua la Eldoret

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wajinga wa kila aina, lakini ni mmoja tu aliyehitaji kompyuta imwambie kwamba analoa. Alikuwa meneja wa ghala la ushirika wa wakulima wa mahindi pale Kitale, na mimi nilikuwa sekretari wake. Ilikuwa miaka ile modemu za kuchomeka zilipoanza kufika kwetu. Yake alipewa kwenye semina Nairobi, akarudi nayo kwenye mfuko wa shati, na kila baada ya dakika mbili anaupapasa kuhakikisha haijatoroka.

Modemu aliichomeka kwenye kompyuta ya ofisi ituletee intaneti, na pamoja nayo alileta programu. Aliniita nisimame kando ya kiti chake, akaniambia niangalie na nisiguse. Ile picha inayokaa nyuma ya kila kitu kwenye skrini, ambayo siku zote ilikuwa bluu tupu, ikageuka ikawa uwanja wa maua ya manjano yanayowaka jua.

"Hii inafuata hali ya hewa ya nje," akasema. "Kukiwa na jua, inaweka jua. Kukinyesha, inaweka mvua. Yenyewe! Hakuna mtu ameiambia."

Nikamwuliza kwa nini mtu asichungulie dirishani. Alinitazama kwa huruma, namna unavyomtazama mtu aliyekuja mjini na kuku kwapani.

"Madam," akasema, "dunia imesonga."

Dirisha lenyewe lilikuwa halichunguliki. Tangu kompyuta iletwe, pazia zito lilifungwa mchana kutwa ili jua lisiiharibu. Yaani tulilizuia jua lisiingie, halafu tukaiuliza kompyuta kama jua liko. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga, lakini wahenga hawakumwona meneja wetu ameketi gizani na soksi, viatu kaviacha mlangoni kwa heshima ya mashine, akisoma mbingu.

Ningecheka tu na kwenda zangu kama kazi yetu isingekuwa mahindi. Mahindi yalikuja mabichi kutoka mashambani, tukayaanika juu ya maturubai kwenye uwanja wa saruji mpaka yakauke. Na sheria ya ghala ilikuwa moja: hakuna kuanika wala kufunika mpaka ofisi iseme. Kufunika kulihitaji watu wanane na karibu nusu saa, na meneja hakutaka vibarua waamue wenyewe, ati wangefunika kila wakiona kivuli ili wapate kupumzika. Zamani msimamizi wa vibarua alitoka nje, akautazama Mlima Elgon, akarudi akamwambia meneja mambo yalivyo, meneja akakubali. Sasa mwanaume mzima huyo, mwenye shamba lake mwenyewe upande wa Suam na ambaye hajawahi kukosea majira ya kupanda, alikuja kila asubuhi kusimama mlangoni kwangu na kofia mkononi.

"Madam, leo inasema aje?"

Nami nachungulia kwenye skrini, namwambia inasema jua.

Wiki ya pili nilitoka chooni, kule upande wa pili wa uwanja, mvua ya kupita ikanikuta katikati. Niliingia ofisini nikichuruzika, nikakuta skrini imejaa maua na jua. Meneja alipoenda kula, nikafungua ile programu nione imekuwaje. Salale! Mji uliochaguliwa ulikuwa Nairobi. Kitale haikuwamo kwenye orodha. Bungoma nayo, tulikokuwa na ghala dogo, usiulize. Aliporudi nikamweleza taratibu, maana mkubwa huwezi kumwambia mambo kwa mkato.

"Najua ni Nairobi," akasema. "Nairobi ndiyo makao makuu."

Alisema hivyo kana kwamba mawingu nayo husubiri waraka kutoka makao makuu kabla ya kunyesha. Huyu alikuwa na digrii. Mimi nilikuwa na cheti cha ukatibu kutoka chuo kimoja cha Bungoma, chumba kimoja juu ya duka la viatu, na tangu siku hiyo nilimdharau kabisa, bila hata kujilaumu.

Ghala hilo la Bungoma, asubuhi alizoea kulipigia simu kutoa maagizo. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mtunza ghala wa huko aanike. Mtunza ghala alisema kitu, na meneja akapandisha sauti. "Kunanyesha wapi? Mimi hapa naona jua!" Sijui kule walifanya nini. Nadhani walimjibu ndiyo bosi, wakaweka simu chini, wakaendelea kujikinga.

Na siku skrini ilipokubali mvua, mvua yenyewe ilikuwa ya kizungu. Barabara ya mawe inayong'aa, taa za nguzo, kiti cha mbao, mtu na mwavuli mwekundu akienda zake polepole. Hakuna tope, hakuna mtaro uliofurika, hakuna mama anayekimbia na beseni kichwani. Wageni walipokuja meneja aliwaonyesha, nao walitikisa vichwa wakisema, "Aisee, teknolojia!" Watu wazima, wakulima, wameacha mvua ya kweli nje wakaingia ndani kuangalia picha yake.

Mimi sikuwa mjinga kama wao. Hilo nililijua, na nililifurahia mno. Siku moja meneja alipokuwa mkutanoni Bungoma, nikafungua programu nikaondoa Nairobi, nikaweka Eldoret. Eldoret ni jirani, ina baridi kama yetu, ina mahindi kama yetu. Sikumwambia mtu. Siku zilizofuata nikaona picha na mbingu zinaanza kupatana, si kila siku, lakini mara nyingi. Mara ya kwanza niliguna, ya tano nikavimba kichwa. Nikaanza kuiangalia hata kabla ya kuamua kufua. Msimamizi alipouliza inasema aje, sasa nilimjibu kama mtu mwenye habari zake. Nyani haoni kundule.

Novemba hiyo mama yangu akaja na mahindi yake.

Mama alikaa Kamukuywa, kwenye nyumba ya mwisho ya nyasi katika mstari wetu wote. Majirani mmoja baada ya mwingine walikuwa wameezeka mabati, na kila mvua ilipoanza, mama alisikia mabati yao yakilia huku yeye akihamisha kitanda. Mwaka huo shamba lilikubali. Alipata magunia kumi na mawili, hajawahi kupata hivyo tangu baba afariki. Kwake hakukuwa na saruji ya kuanikia, ni udongo mtupu, kwa hiyo nilimwomba meneja na yeye akatuachia pembe moja ya uwanja, ile ya chini karibu na mtaro. Mama aliposhuka kwenye pikapu alipiga gunia la kwanza kofi kama mtu anayemsalimu ng'ombe wake.

"Haya ndiyo mabati yangu," akaniambia. "Nikitoka hapa nimeezeka."

Alilala kwangu siku tatu, na mchana alikaa pembeni ya turubai lake na jembe la mbao, akigeuza mahindi. Kipimo chake kilikuwa meno. Anachukua punje, anaiuma, anasikiliza. Ikilia ta! imekauka. Ikinyamaza, bado. Vibarua walimpenda, wakamwita mathe kama mama yao, wakampelekea punje za wateja wengine awaumie. Mimi nilimwonea aibu kidogo. Nilikuwa nimewaambia wasichana wa ofisini kwamba mama yangu ni mfanyabiashara.

Siku ya tatu, karibu saa sita, aliuma punje kadhaa, akaridhika. "Jioni tunafunga magunia," akasema. Halafu akageuka upande wa mlima. Jua lilikuwa kali juu yetu, lakini kule Elgon wingu lilikuwa limekaa chini, jeusi, limevimba.

Akaja mpaka mlango wa ofisi. Hakuvua viatu.

"Wewe, ambia hawa watu wafunike mahindi."

Meneja hakuwapo, alikuwa Bungoma tena, kwa hiyo ofisi siku hiyo nilikuwa mimi. Nikamwambia vibarua wanaenda kula. Akasema wale baadaye. Nikamwambia jua linawaka, mahindi yanamalizia kukauka, akifunika sasa yatatoa jasho.

"Hiyo mawingu huoni?"

"Mama, kompyuta inaonyesha jua."

Aliitazama ile skrini kutoka mlangoni, na maua yake ya manjano. Kisha akanitazama mimi.

"Hiyo imejuaje?"

Wasichana wa ofisini walikuwa wameacha kuchapa. Msimamizi alisimama nje na kofia mkononi, akingoja neno. Mama akaanza kunisemesha Kibukusu kwa sauti, ati kwani nilienda shule kusahau kuangalia juu. Nikahisi masikio yanawaka. Kama ningesema tu, "Funikeni," ingetosha. Neno moja! Lakini wasichana wale wangesema sekretari anaamriwa na mamake, na zaidi ya hapo, mimi nilikuwa nimeitengeneza ile mashine. Yangu haikuwa ya Nairobi. Yangu ilikuwa sahihi.

"Kuna jua, mama," nikasema. "Twende nikununulie chai."

Nikamwambia msimamizi waende wakale. Alisitasita, akautazama mlima, akaniangalia. Akavaa kofia akaenda.

Nilimpeleka mama kwenye hoteli ya ghorofani, karibu na stendi, mahali penye vitambaa mezani. Niliagiza chai ya maziwa, chapati na nyama. Mama aliishika chapati bila kuila, shingo imegeukia dirishani. Mimi nikaendelea kuongea, hata sikumbuki nini. Tone la kwanza lilipiga kioo, kubwa, likifuatwa na mengine yote kwa pamoja.  Mama aliinuka, akateremka ngazi, akakimbia, mama yangu wa miaka hamsini na kitu, na viatu vyake vya kanisani.

Nilipofika uwanjani vibarua walikuwa wamerudi mbio, wanavuta maturubai. Walianza na ya wanachama, kama desturi ilivyotaka. Pembe ya chini ilikuwa ya mwisho. Maji ya uwanja mzima yalikuwa yakiteremkia pale, yanapanda kwenye turubai la mama, yanabeba punje na kuzimwaga mtaroni. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mama alipiga magoti ndani ya maji hayo akayazoa mahindi yake kwa leso, na kila alipoinua leso yalivuja pembeni. Nilipiga magoti kando yake. Akanisukuma kwa kiwiko.

"Nenda ukalinde kompyuta yako isilowe," akasema.

Ilinyesha siku nne. Tulijaribu kuyatandaza ndani ya ghala, tukayageuza usiku na mchana, lakini yakaanza kupata joto, yakanuka, yakaota kuvu ya kijani. Meneja alirudi kutoka Bungoma, akachota kiganja kimoja, akanusa, akamwambia mama kwa adabu kwamba hayo sasa ni ya kuku, na hata kuku waangaliwe. Kisha akaniita ofisini, akauliza siku ile kompyuta ilionyesha nini.

Nikamwambia jua.

"Haiwezekani," akasema. "Siku hiyo nilipigiwa simu na bibi yangu aliye Nairobi. Huko kulinyesha kuanzia asubuhi mpaka jioni."

Ikabidi nimweleze. Nilimwambia nilibadilisha, nikaweka Eldoret, kwa sababu Nairobi ni mbali. Hakunifokea. Ingekuwa afadhali angenifokea. Aliegemea kiti, akakunja mikono juu ya tumbo, akafurahi waziwazi.

"Unaona sasa, madam?" akasema. "Makao makuu hawakosei."

Na ilikuwa kweli. Kama ningeuacha ujinga wake mahali pake, skrini ingeonyesha ile barabara ya mawe na mwavuli mwekundu, nami ningesema funikeni, na mahindi yangefunikwa saa sita mchana chini ya jua kali. Mpumbavu angemwezekea mama yangu nyumba. Mwerevu ndiye aliyemlaza kwenye maji. Nimemchukia mtu yule tangu siku hiyo, na sijapata sababu yoyote nzuri ya kumchukia.

Aprili nilienda Kamukuywa. Sikuwa nimeenda tangu Novemba, nilikuwa nikituma salamu tu. Mama alinipokea vizuri, akaniandalia ugali wa unga wa kununua na mboga ya kunde, tukaketi. Majira ya alasiri ilianza kunyesha. Kwa majirani mabati yalilia mpaka tukashindwa kusikilizana. Kwetu nyasi hazikulia. Maji yalipenya kimya kimya, na mama alijua mahali pote yanapopita, akaweka beseni hapa, karai pale. Tone moja lilianza kuniangukia begani. Aliinuka akaleta sufuria, akanisogeza goti kwa mkono, akaiweka mahali pangu.

"Ebu niambie," akasema akiketi. "Eldoret saa hii kuna jua?"

Hakuwa anacheka. Alinitazama usoni akangoja.

"Sijui, mama," nikasema.

Jibu hilo ningempa Novemba, tungekuwa chini ya mabati.